Tundu la Kutu Katika Gari Kuukuu: Lipi Uzibe Mwenyewe, na Lipi Umwachie Fundi

Kila mvua za masika zinapomalizika, maswali yanayotufikia kuhusu matumizi ya nyumba huongezeka, na miongoni mwake ni hili la magari kuukuu. Mwenye gari huinua zulia akakuta maji yametuama, akibonyeza bati kidole hutokea upande wa pili. Au huona rangi imevimba juu ya gurudumu mfano wa lengelenge, akilikwaruza humwagika unga mwekundu na mwanga ukapenya. Akimwendea fundi wa bodi hutajiwa bei ambayo si ya mwezi huu wala ujao, ilhali karo inadaiwa na kodi ya nyumba imewadia. Basi huuliza: je, hapana njia ya mtu kuliziba tundu hilo kwa mikono yake, kwa vifaa vya bei nafuu, naye akabaki salama yeye na watu wake?

Jibu letu ni kwamba njia ipo, na wala si ngumu, lakini haifai kwa kila tundu. Gari lina ngozi na lina mifupa. Tundu la ngozi mtu hulitibu mwenyewe kwa siku mbili za mapumziko, akiwa na subira. Tundu la mfupa halizibwi kwa mchanganyiko wowote unaouzwa ndani ya mkebe, hata likipakwa rangi likang'aa namna gani. Anayetaka kuhifadhi mali yake na roho za wanaopanda gari lake hana budi kuzijua tofauti hizi mbili kabla ya kwenda dukani.

Kwa nini gari la pwani huliwa upesi

Kutu huzaliwa na vitu vitatu vikikutana: chuma, maji na hewa. Chumvi huharakisha jambo hilo kwa sababu huvuta unyevu kutoka hewani na kuukalisha juu ya bati hata siku isiyo na mvua, na pia huvunja ule utando mwembamba unaokikinga chuma. Sisi tunaoishi karibu na bahari twavuta chumvi hiyo usiku na mchana, na upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, manyunyu ya bahari hufika mbali na ufuo.

Lakini upepo si mshtakiwa pekee. Katika mitaa mingi ya Mombasa na miji jirani, maji ya visima yana chumvi, na ndiyo hayo hayo yanayotumiwa kuoshea magari. Gari hutoka sehemu ya kuoshea likimeremeta, na chumvi imeingia katika mikunjo ya milango na chini ya sakafu, ikabaki humo. Pikapu inayobeba samaki na barafu hupata adhabu hiyo maradufu, kwa kuwa maji ya chumvi hutiririka kwenye karia safari nzima.

Aidha, wengi hudhani kwamba gari lililotoka Japani juzi halina neno. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa, lakini miaka 8 ya barabara za kaskazini mwa Japani, kama vile Hokkaido, ni miaka ya kupita juu ya chumvi inayomwagwa ili kuyeyusha barafu wakati wa baridi. Gari la namna hiyo huteremka bandarini Kilindini likiwa na kutu changa tumboni, na sisi tukalimalizia kazi. Mnunuzi mwenye busara huinama akatazama chini kabla hajatazama viti na redio.

Kwanza pima, kisha ziba

Vifaa vya kupimia ni vitatu, na huenda vyote vimo nyumbani: bisibisi butu, nyundo ndogo na sumaku. Gonga bati taratibu kwa nyundo. Bati zima hutoa mlio mkavu ulio wazi, na bati lililooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Dunga kwa bisibisi pale penye shaka. Ikizama, ujue ulichokiona nje ni kidogo kuliko kilichomo. Kutu hutanuka ikachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwapo, na ndiyo maana rangi huvimba. Kwa kawaida lengelenge la ukubwa wa sarafu huwa na uozo wa upana wa kiganja chini yake. Ama sumaku, ifunge kwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi, uipitishe ubavuni mwa gari. Inaposhika barabara pana chuma. Inapoteleza ikaanguka, pana kiraka cha zamani alichoacha mwenye gari aliyetangulia.

Baada ya kuujua ukubwa wa tundu, tazama mahali lilipo. Ngozi ni bati la nje la madigadi na la milango, kingo za boneti na buti, karia ya pikapu, na zile sehemu za sakafu zisizofungwa kitu. Mifupa ni kizingiti kirefu kilicho chini ya milango, nguzo za kioo cha mbele na za milango, na kila pahala palipofungwa kwa bolti kiti, mkanda wa usalama, springi, shokomzoba, usukani au mikono ya magurudumu. Katika magari madogo kama Corolla na Probox hakuna chesisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, na kizingiti cha mlango ndicho uti wa mgongo. Kikioza, gari hujikunja katikati siku ya ajali, na mlango ukakataa kufunguka.

Kipo kipimo chepesi cha kukumbuka. Katika ukaguzi wa magari wa kila mwaka nchini Uingereza, mkaguzi huchunguza kwa ukali eneo lote lililo ndani ya sentimita 30 kutoka pale paliposhikizwa mkanda, springi au usukani, na kiraka cha kubandika hapo hakikubaliwi. Sentimita 30 ni urefu wa rula ya mwanafunzi. Likiwa tundu lako liko karibu zaidi ya rula hiyo na kifungo chochote tulichokitaja, weka chini mkebe, umtafute mtu wa kuchomelea.

Wenye Land Rover za kale tunawapa neno lao. Tangu gari hilo lilipotoka mwaka 1948, sehemu kubwa ya bodi yake imekuwa ya aluminiamu, kwa kuwa chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Bodi hiyo haishiki kutu nyekundu, lakini chesisi iliyo chini yake ni ya chuma. Mtu huweza kutembea na bodi nzima juu ya chesisi iliyokwisha. Na asidhani msomaji kwamba kutu ya chesisi ni jambo la kubandikwa na kusahauliwa: nchini Marekani, mwaka 2016, kampuni ya Toyota ilikubali mapatano yaliyohusu magari kiasi cha milioni 1.5, pikapu za Tacoma na Tundra na gari la Sequoia, kwa sababu ya chesisi kuliwa na kutu. Zilizooza kupita kiasi zilibadilishwa nzima, hazikutiwa kiraka. Ikiwa waliolitengeneza gari hawakuthubutu kubandika, sisi tuna hoja gani?

Namna ya kuifanya kazi

Tuseme tundu ni la ngozi, mathalani juu ya gurudumu la nyuma au chini ya mlango, na bati la ndani yake bado zima. Chagua siku kavu na mahali penye kivuli na hewa, mbali na jiko na mbali na watoto, kwa maana vifaa hivi vina mvuke mkali na huwaka moto upesi. Vaa miwani ya kazi, glovu na barakoa. Ukihitaji kuingia chini ya gari, usitegemee jeki peke yake. Weka stendi za chuma au magogo mapana yasiyoteleza.

Hatua ya kwanza ni kukata. Hapa ndipo wengi huogopa, kwa kuwa tundu dogo huwa kubwa mbele ya macho yao. Lakini kiraka kilichoshikizwa kwenye kutu kimeshikizwa kwenye unga. Ondoa uozo wote kwa mkasi wa bati, tupa au grinda, kisha sugua kwa brashi ya waya na msasa mkali mpaka bati jeupe lionekane kuzunguka tundu kwa upana wa vidole viwili au vitatu. Kingo za tundu zigongwe kidogo kwa nyundo ziingie ndani, ili kiraka kisitokeze nje.

Hatua ya pili ni kuua kutu iliyojificha ndani ya vitundu vidogo vya chuma. Dawa zinazouzwa kwa kazi hii aghalabu zina asidi ya fosforiki au asidi ya taniki. Hiyo taniki ndiyo iliyomo katika magome ya mikoko yaliyokuwa yakisafirishwa kutoka pwani yetu kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Ikikutana na kutu huigeuza ikawa utando mweusi uliotulia. Fuata maelezo yaliyoandikwa kwenye chupa, na yakisema dawa isuuzwe, isuuze kwa maji matamu, si ya kisima cha chumvi, kisha kausha barabara. Siki na ndimu husafisha nati na vyuma vidogo vinavyoweza kulowekwa, lakini juu ya bodi tusizitumie, kwani hupenya katika viungo zikaendelea kula.

Hatua ya tatu ni kiraka chenyewe, na hapa njia ni tatu kwa kadiri ya tundu.

Tundu lisilozidi sarafu hutosha kwa fila yenye nyuzi za kioo ndani yake, ambayo ni ngumu na haipitishi maji kama fila ya kawaida. Nyuma ya tundu bandika kipande cha wavu mwembamba wa kushikilia, kisha jaza.

Tundu la ukubwa wa kiganja lataka faiba, yaani mkeka wa nyuzi za kioo uliolowekwa resini, kama mafundi wetu wanavyotengeneza mashua za faiba. Kata vipande viwili au vitatu vya mkeka, kila kimoja kikizidi tundu kwa vidole viwili kila upande. Paka resini kwenye bati, laza kipande, kigongegonge kwa brashi mpaka weupe wake upotee na hewa yote itoke, kisha laza kingine. Resini ya epoksi hushika chuma vizuri zaidi. Ile ya poliesta ni rahisi na hufaa, maadamu bati limesuguliwa kwa msasa mkali.

Tundu kubwa la sakafu au la karia hufaa kipande cha bati. Bati bora ni la mlango au boneti ya gari bovu kutoka kwa wauza vyuma chakavu, kwa kuwa unene wake, chini kidogo ya milimita 1, ni sawa na wa gari lako. Kata kipande kizidi tundu kwa sentimita 3 kila upande, paka praima pande zote mbili, tandaza gundi ya viungo vya magari kuzunguka tundu, kisha kaza kwa riveti za chuma kila baada ya sentimita 3 au 4. Usitumie bati la aluminiamu juu ya chuma: madini mawili tofauti yakigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa kwa kasi zaidi.

Neno kuhusu hadina, ile dawa ya kugandisha. Kwa fila, tonge la ukubwa wa ndimu latosha hadina kiasi cha punje ya mbaazi. Kwa resini ya poliesta, ni mililita 1 hadi 2 kwa kila mililita 100, na katika joto letu la pwani anza na 1. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu huganda kwa dakika chache, na ukiacha kopo limejaa laweza kupata moto likafuka moshi. Tone la hadina ya resini likiingia jichoni laweza kupofusha, basi miwani isivuliwe. Na dukani uombe resini ambayo kichapusho chake kimekwisha kutiwa. Kichapusho na hadina vikichanganywa vyenyewe kwa vyenyewe huweza kulipuka.

Hatua ya nne ni kulainisha. Faiba ikishakauka, paka fila ya kawaida juu yake kwa utando mwembamba, usizidi milimita 3, uisugue kwa msasa mkali, kisha wa wastani, kisha laini. Fila hii hunywa maji kama tofali bichi. Isiachwe wazi hata usiku mmoja. Ipakwe praima siku ile ile, kisha rangi mara mbili au tatu. Halafu usisahau upande wa nyuma, kwa maana kutu nyingi hutoka ndani kwenda nje. Paka praima, kisha grisi au nta ya kukinga kutu, mpaka ndani ya mikunjo.

Mambo tunayowaomba wasomaji wayaache

La kwanza ni kujaza tundu kwa magazeti, matambara, saruji au povu la kujazia, kisha kupaka fila juu. Vitu hivi hushika maji kama sifongo na kuyalaza kwenye bati. Povu lina hatari nyingine, kwani fundi akija kuchomelea hapo siku nyingine, huwaka na kutoa moshi wa sumu.

La pili ni kupaka lami juu ya kutu. Lami hukinga bati lililo safi. Juu ya kutu huifungia unyevu ndani, na kwa muda mwenye gari haoni kitu, mpaka kipande kizima kidondoke.

La tatu ni ile silikoni ya bafuni inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi, nayo hula chuma kile kile ulichokusudia kukikinga.

La nne ni kuziba vitundu vidogo vilivyo chini ya milango na vizingiti ukidhani ni vya kutu. Hivyo viliwekwa makusudi ili maji yatoke. Badala ya kuviziba, vizibue mara kwa mara kwa njiti ya ufagio wa chelewa.

La tano ni kujibandikia tangi la petroli au bomba la breki. Bomba la breki lililoliwa na kutu hubadilishwa, na tangi humwendea fundi ajuaye kazi hiyo. Pia tundu likiwa la mfupa, nenda kwa fundi ukijua la kumwambia: afungue betri, atoe mazulia, aweke mbali mabomba ya mafuta, akate uozo wote, achomelee bati jipya pande zote badala ya kuligusisha pembe nne tu. Akikuambia atapaka fila juu ya uozo ili kupunguza bei, mshukuru na uende kwa mwingine. Ikiwa fedha hazipo, ni afadhali gari lilale miezi miwili kuliko kuendeshwa likiwa na kizingiti cha karatasi.

Wanaobebwa, na watakaonunua

Tungeweza kuishia hapo lau gari lingekuwa la mwenyewe peke yake. Lakini magari mengi kuukuu katika miji yetu hubeba watu wa wengine: watoto wa chuoni asubuhi, akina mama waendao arusini, abiria wa nauli. Sheria yataka magari ya abiria na ya mizigo yakaguliwe kila mwaka na NTSA. Lakini ukaguzi ni siku moja, nayo kutu hufanya kazi siku zote zilizobaki. Mtoto aliyefungwa mkanda ulioshikizwa kwenye bati bovu hajafungwa kitu, na mzazi aliyemkabidhi kwako hana njia ya kujua. Hiyo ni amana, na mwenye kuulizwa ni wewe uliyeinua zulia ukaona.

Na iko siku ya kuuza. Wasomaji wetu wanakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, akakuta unyevu chini na ukavu juu, akamkanya muuzaji kwa kutouweka ule uliolowa pale watu wanapouona. Hatuoni tofauti kati ya chungu hiyo na kizingiti kilichooza kilichopakwa fila na rangi mpya usiku wa kuamkia mnunuzi. Wanavyuoni wa fiqhi wamempa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu kwa kasoro iliyofichwa, na haki hiyo haifutwi kwa kusema "umekiona, umekichukua". Kutengeneza si dhambi, na kiraka kizuri cha ngozi hakimpunguzii mtu heshima. Kilicho wajibu ni kusema: hapa palikuwa na tundu, nimeziba kwa faiba; na hapa pana uozo wa mfupa, bei yake naipunguza kwa sababu hiyo. Huenda ukapata shilingi chache kuliko jirani yako, lakini zitakuwa halali, na hutaingiwa na hofu usikiapo habari za ajali.

Kilichobaki ni desturi ndogo ambazo hazigharimu kitu. Gari lisuuzwe kwa maji matamu angalau mara moja kwa juma, hususan chini na ndani ya madigadi, na kila linapopita katika maji ya mafuriko au kubeba samaki. Mazulia yainuliwe na kuanikwa baada ya mvua. Kovu la rangi ligusweguswe kwa praima siku linapoonekana, likiwa bado la ukubwa wa kucha. Na mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, pitisha ile sumaku na nyundo. Mwenye kuanza kuchungulia Ijumaa hii baada ya swala, kabla vumbi la kiangazi halijaficha alama za maji, atakuwa amejua gari lake limesimama juu ya nini. Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote njiani, sisi na tunaowabeba.